Mzamivu Anapofika kwenye "Mengineyo"

Ofisi ya kijiji mkoani Singida, iwe Ikungi, Iramba au Manyoni, haikosi daftari la wageni. Limepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, utokako, madhumuni, saini. Ukilifunua kurudi nyuma miaka michache utakuta kwenye safu ya madhumuni neno "utafiti", tena na tena. Huyu alikuja kwa ajili ya udongo, yule lishe ya watoto, mwingine lugha. Nadra kukuta jina moja limeandikwa mara mbili. Mgeni alifika na barua yake, iliyotoka chuoni ikapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ikafika kwa mtendaji wa kata na hatimaye kwa mtendaji wa kijiji. Akajaziwa madodoso, akachota maji kwenye chupa, akashukuru, akaondoka. Miaka kadhaa baadaye akaanza kuitwa Dokta. Waliomjibu hawakuwahi kuambiwa amegundua nini.

Mazoea haya ni ya zamani. James Woodburn alipata shahada yake ya uzamivu Cambridge mwaka 1964 kwa kazi juu ya Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Mkalama. Harold Schneider alichapisha mwaka 1970 kitabu juu ya uchumi wa Wanyaturu. Todd Sanders akatoa cha kwake mwaka 2008, juu ya matambiko ya mvua ya Wanyisanzu. Ni kazi nzito, na zote ziko kwa Kiingereza. Mjukuu wa mzee aliyehojiwa akitaka kujua babu yake alisema nini, itabidi aanze na kamusi.

Basi wewe uliyemaliza tasnifu, au unayekaribia, ukiamua kurudi kijijini kueleza ulichokipata, haya ndiyo ninayokushauri. Fani yako iwe yoyote.

Anza na muda, maana muda hautakuwa wako. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na una ajenda zake: mapato na matumizi, ulinzi, michango ya darasa. Wewe utawekwa kwenye "mengineyo". Wakati huo jua limepanda, wazee wamehamia kwenye kivuli cha pili na akina mama wanawaza vyungu vyao. Ukipewa nusu saa, shukuru, lakini jiandae kwa dakika tatu.

Dakika tatu zinatosha. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha shindano la wanafunzi wa uzamivu kueleza tasnifu nzima kwa dakika tatu, wakiwa na picha moja tu, mbele ya watu wasio wa fani yao. Wenyewe wanapiga hesabu kwamba tasnifu ya maneno 80,000 ingechukua saa tisa kuisoma kwa sauti. Chimbuko la hizo dakika tatu linanifurahisha, kwa sababu ni la watu wa nchi kavu kama Singida: jimbo lilikuwa kwenye ukame mkali, wakazi wakahimizwa kuoga kwa kipimo, na bafu nyingi zilikuwa na kisaa cha mchanga cha dakika tatu ukutani. Mkuu wa shule ya uzamivu akaunganisha mambo hayo mawili. Shindano sasa limeenea nchi nyingi.

Katika dakika zako tatu, usianze na mada. Anza na swali. "Nimetafiti mienendo ya ugandaji wa vimiminika" ni mada, na itawalaza watu. Erasto Mpemba hakusema hivyo. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, alitia kwenye jokofu mchanganyiko wa maziwa na sukari ungali moto, kwa kuwahi nafasi, akaona umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, mwanafizikia Dokta Denis Osborne alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama na kuuliza kwa nini maji ya moto huganda kabla ya yaliyopoa. Wenzake wakamcheka. Osborne akarudi Dar es Salaam, akalipima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana juu yake mpaka leo. Lakini angalia lile swali: muuza barafu analielewa na profesa analielewa. Lako likishindwa kusimama hivyo, hujaimaliza kazi ya kufikiri, hata kama wasahihishaji wa tasnifu wamekupitisha.

Kisha tafuta kitu ambacho wasikilizaji wako wamekishika kwa mikono yao. Singida haina uhaba wa vitu. Mtaalamu wa wadudu aje na kichwa cha alizeti, asije na picha. Akivunje mbele ya watu, aonyeshe kwamba kile tunachokiita ua moja ni mamia ya maua madogo yaliyobanana, kila moja likisubiri chavua. Aulize: nani amewahi kuvuna kichwa kikubwa, akakuta katikati ni mapepe matupu? Mikono itanyooshwa. Hapo ndipo amlete nyuki, na mfugaji wa mizinga wa Itigi aliyeketi nyuma atagundua kwamba mazungumzo yanamhusu na yeye. Mpaka hapo neno "uchavushaji" halijatamkwa. Likija sasa, litakuta nafasi yake imeshaandaliwa.

Mtaalamu wa maji hahitaji hata kichwa cha alizeti, maziwa ya Singidani na Kindai yako pale pale mjini. Ziwa lisilo na mto wa kutokea ni kama sufuria iliyosahauliwa jikoni: maji yanapanda hewani, chumvi inabaki chini, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana flamingo wanapapenda na mkulima wa mboga hapapendi. Mwanaisimu naye awakumbushe watu kile wanachokisikia siku ya mnada: Kinyaturu na Kinyiramba ni vya Kibantu, Kitaturu ni cha Kinailoti, jirani zao Wairaki wanasema lugha ya Kikushi, na Kihadzabe kina sauti zake za kidoko na hakijapatiwa ndugu. Ni sehemu chache sana Afrika ambako makundi haya yote yanakutana. Watu wamekaa juu ya utajiri huo bila mtu kuwaambia kwamba ni wa ajabu.

Namba ndizo zinazowashinda wengi, na hapa nitakaa kidogo.

Sehemu za Singida maji ya visima yana floridi nyingi, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ukilisema hivyo mbele ya mkutano, umesema "kidogo sana", na mtu mwenye akili atauliza kwa nini kitu kidogo namna hiyo kimharibie mwanawe meno. Sasa lifanye hesabu ya nyumbani. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, bila kichuguu, ni takriban gramu 6. Kimwage katika maji ya matangi manne ya lita elfu moja, koroga: hicho ndicho kiasi chenyewe. Halafu eleza kwamba mtoto hanywi siku moja. Anakunywa kila siku, miaka yote ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya.

Ila kila mfano una kasoro yake, na usipoitaja wewe, ataitaja mwingine. Baada ya mfano wa chumvi jiandae kuambiwa: "Mbona maji yetu ni matamu?" Jibu kabla hujaulizwa: chumvi nilikuwa nayo kwa ajili ya kupimia tu, floridi kwa kiasi hiki haina ladha, haina rangi, na kuchemsha hakuiondoi.

Mtu wa afya naye achunge "mara mbili". Hatari iliyotoka mtu 1 kati ya 1,000 ikawa watu 2 imeongezeka mara mbili. Iliyotoka watu 100 ikawa 200 nayo ni mara mbili. Taja watu wenyewe. Na mhandisi wa upepo, ambaye Singida haitamkosa, akisema kasi ya upepo ikizidi mara mbili nguvu yake inazidi mara nane, asikimbie. Aeleze kwamba hewa inayopita ni mara mbili, na kila kipande cha hewa hiyo kina nguvu mara nne. Bila hivyo mara nane inabaki uganga.

Wazamivu wengi hutoa matokeo na kuficha njia, wakidhani njia ni ya wataalamu. Mimi naona kinyume: njia ndiyo watu wanaipenda, kwa kuwa ina ubishi. Jaribu hili kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji. Waambie: nilichanja banda moja dhidi ya kideri, lile tone la jichoni, na hakufa hata kuku mmoja. Je, chanjo inafanya kazi? Nyamaza. Haitapita dakika kabla mtu hajasema labda mwaka huu kideri hakikupita. Umepata mwalimu mwenzako. Mshukuru kwa sauti, kisha sema ndiyo maana kulikuwa na banda la pili, lisilochanjwa, kijiji hicho hicho na msimu ule ule. Kundi la kulinganisha limeeleweka, na aliyelieleza ni mwenye kuku.

Mwanahistoria ana mtihani mgumu zaidi, maana wasikilizaji wake wanaijua hadithi kuliko yeye. Simulizi za Wanyaturu zinamtaja Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani kwa msaada wa nyuki, na uwanja wa mpira wa mjini una jina lake. Usiende kuwasahihisha. Sema nyaraka za Wajerumani zinasema hivi, wazee wanasema hivi, hapa vinakubaliana, hapa havikubaliani, na mimi naegemea huku kwa sababu hii. Mtu huheshimu hukumu aliyoonyeshwa mizani yake.

Kuhusu maneno, nina onyo moja kwa wapenzi wa Kiswahili, nami nimo. Tumeaminishana kwamba istilahi ikiwa ya Kiswahili basi inaeleweka. Usanisinuru ni neno zuri, lakini kwa asiyelisoma shuleni ni geni sawasawa na lile la Kizungu. Sema jani linavyopika chakula chake kwa jua, kisha uliache neno kama zawadi. Na vijijini wazee wengi hufikiri kwa Kinyaturu au Kinyiramba hata wanapokujibu kwa Kiswahili. Ukihitaji mkalimani, kaa naye jioni ya kuamkia mkutano, mweleze yote, kisha mwombe akwambie wewe kwa Kiswahili alichokielewa. Makosa utakayoyasikia hapo ni yako. Asubuhi yake, kabla ya lolote, shikamoo kwa wazee.

Usijibu kisicho chako. Utaulizwa: "Kwa hiyo kisima kifungwe?" Wewe ulipima, wa kuamua kuhusu mradi wa maji ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, na serikali ya kijiji, na matokeo uwe umewapa wao kabla ya mkutano, wasije wakayasikia mara ya kwanza hadharani. Kaya ya mtu usiitaje hata kwa kuashiria. Usichokijua, sema sikupima.

Utajuaje umeeleweka? Makofi hayaonyeshi kitu, Singida mgeni hupigiwa makofi. Ngoja aje mchelewaji, kila mkutano una mmoja, kisha mwombe mtu yeyote amweleze ulichosema. Sikiliza bila kukatiza. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha kabla ya kijiji kinachofuata.

Mwisho acha karatasi, ukurasa mmoja, Kiswahili, herufi kubwa, namba yako ya simu chini. Acha nakala tatu. Moja ya ubao wa matangazo, ambako jua litaififisha. Moja ya mtendaji, ambaye atahamishwa. Ya tatu mpelekee mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari ya kata, na umwombe aifungie kabatini.