SOMO LETU: KAYA YAKO NA MIPANGO YA SERIKALI

Ndugu msomaji, hebu tuchukue mfano wa nyumba moja hapa Kalinzi. Baba ameteremka ziwani kuvua dagaa, amelala kambini. Mama amebaki na watoto wanne na bibi yao. Yeye ndiye anayepalilia kahawa na kulisha nyumba. Karani wa sensa anapiga hodi: "Mkuu wa kaya ni nani?" Mama anajibu, "Mwenyewe hayupo." Basi, ananyamaza. Je, amefanya vizuri?

Kaya si ukoo. Kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Na sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Baba atahesabiwa kambini. Mama ndiye wa kueleza habari za nyumba ile. Akinyamaza, kazi yake haionekani.

Tuone sasa jinsi utafiti na mipango ya Serikali vinavyovutana. Baada ya Uhuru, sensa ya kwanza ilifanyika mwaka 1967. Watu walikuwa kama milioni 12. Mwaka 2022 tulifika zaidi ya milioni 61. Shule na zahanati hupangwa kwa hesabu kama hizo.

Mwaka 1971 ikatungwa Sheria ya Ndoa. Ilisema kwamba ndoa ikivunjika, mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Hapo likazuka swali jipya: kupika na kulea watoto ni juhudi au si juhudi? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilijibu: ni juhudi. Mnaona? Sheria imezaa swali, nalo swali likawafanya watu waitazame upya kazi ya nyumbani.

Kisha utafiti wa uzazi na afya wa 1991/92 uliwauliza akina mama wenyewe. Ulionyesha kuwa kwa wastani mwanamke huzaa watoto zaidi ya 6. Mwaka 1992 Serikali ikatoa Sera ya Idadi ya Watu. Utafiti wa 2022 ulikuta wastani umeshuka, hata kufikia watoto 5 hivi.

Na shamba je? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lakini sheria haiingii shambani yenyewe. Mjane asiyejua haki hiyo anaweza kuondoka mikono mitupu na kahawa aliyoipanda akaiacha.

Kwa hiyo, mtafiti akija tusimfiche wala tusimtilie chumvi. Tumwulize anatafuta nini na kwa faida ya nani. Tumejifunza kusoma, basi tuisome na fomu kabla ya kujibu.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Katika kaya yako, nani analima, nani anauza, nani anashika fedha?
2. Kazi gani ya nyumbani haijawahi kuhesabiwa?
3. Mama wa mfano wetu angemjibuje karani?