Kompyuta Inapozimika Ovyo

Siku hizi kompyuta zimefika hata vijijini. Zipo katika shule, zahanati na vyama vya ushirika. Humo ndimo zinamotunzwa hesabu za mazao yetu. Basi kompyuta ikianza kuzimika ovyo, tusikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi kilichoharibika ni kitu kimoja kidogo. Tukijue kwanza, ndipo tutoe pesa.

Kabla ya yote, tunakili hesabu kwenye flashi. Kompyuta inanunulika, lakini hesabu zilizopotea hazinunuliki.

Halafu tufuate hatua hizi:

1. Umeme. Tujaribu soketi nyingine, kisha waya mwingine.

2. Vumbi. Tuzime kompyuta, tuchomoe waya, tufungue sanduku. Tutoe vumbi kwa brashi laini na kavu. Feni isipozunguka, joto hupanda, na kompyuta hujizima yenyewe isiungue.

3. Saa. Je, kila ikiwashwa tarehe imerudi nyuma miaka mingi? Basi betri ndogo ya ndani, mfano wa kifungo cha koti, imekwisha. Ni ya volti 3. Tununue yenye namba ile ile iliyoandikwa juu yake.

4. Kumbukumbu. Mafundi huiita ramu. Ipo programu ya bure ya kuipima, jina lake Memtest86+. Ifanye kazi usiku kucha. Likionekana kosa hata moja, tusiiamini kompyuta hiyo. Kama vibao vya ramu ni viwili, tupime kimoja kimoja.

Tubadilishe kitu kimoja tu, kisha tujaribu. Tukibadilisha vitatu pamoja, nayo ikapona, hatutajua dawa ilikuwa ipi. Na vyote vitatu tutavilipia!

Fundi akisema, "Tayari, imepona," tusiichukue papo hapo. Nguvu za maksai hazijulikani zizini, hujulikana akivuta plau. Ubovu mwingine hauonekani mpaka kompyuta ipate joto. Kwa hiyo ifanyishwe kazi nzito saa kadhaa, nasi tukiwapo.

HATARI: Kisanduku cha kuingizia umeme, yaani pawa saplai, tusikifungue kamwe. Hata waya ukichomolewa, umeme hubaki ndani, nao unaweza kuua.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini tubadilishe kitu kimoja kimoja?
2. Kwa nini tusiichukue kompyuta mara tu inapowaka?
3. Hesabu za chama chetu zimenakiliwa wapi, na nani anazitunza?