Kaskazi Imeingia: Tuiepushe Kompyuta ya Mezani na Joto

Msimu wa kaskazi umefika tena, na kuanzia Mtwapa hadi Mambrui kila mtu anatafuta kivuli. Somo la toleo hili linamhusu mfanyakazi asiyeweza kutoka nje kupunga upepo: kompyuta ya mezani. Iwe iko afisini, katika zahanati, shuleni au kwenye saiba ya mtaani, ndani yake ndimo mlimo na orodha za wagonjwa, alama za wanafunzi na barua za kuombea kazi.

Nimeyaona kwa macho yangu. Februari moja, katika afisi ambayo sitaitaja, kompyuta iliyokuwa na majina ya waombaji wa basari ilianza kujizima kila ilipofika saa saba mchana. Tulidhani ni virusi. Tukawa tunaiwasha, inazima, tunaiwasha tena. Siku ya nne diski ikaanza kutoa mlio wa kugongagonga, na faili hazikufunguka tena. Hatukuwa na nakala. Ilibidi wazazi waitwe, wengine kutoka huko ndani Ganze, waje kujaza fomu upya siku chache kabla ya makataa. Fundi alipofungua kasha alikuta feni imeshikwa na vumbi zito kama sufi, na mayai mawili ya mjusi kafiri.

Kompyuta hugeuza karibu umeme wote inaoutumia kuwa joto. Feni yake haitengenezi baridi. Kazi yake ni kutoa hewa moto na kuvuta hewa ya chumbani, kwa hivyo vifaa vya ndani haviwezi kuwa baridi kuliko chumba chenyewe. Mashine iliyoko Limuru huenda inavuta hewa ya nyuzi 20. Ya Malindi mwezi wa Machi inavuta hewa ya nyuzi 32, na chumba kikiwa cha mabati yasiyo na dari, zaidi ya hapo. Ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Sisi tunahitaji kusafisha mapema zaidi yao.

Viwango vya kukumbuka ni hivi. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, ikifanya kazi nzito haina neno chini ya nyuzi 80. Ikizidi 90 mara kwa mara, chukua hatua. Ikikaribia 100, nyingi hujipunguzia mwendo zenyewe, kisha huzima ili zisiungue. Diski ni dhaifu zaidi: afadhali isipite 50. Ili kupima, washa kompyuta huku ukibonyeza Delete au F2, uingie ukurasa wa BIOS. Mashine nyingi huonyesha joto hapo. Ila hapo mashine haina kazi nzito, hivyo kipimo cha kweli hupatikana kwa programu ya bure kama HWiNFO wakati unaendelea na shughuli zako.

Hapa pwani vumbi halitembei peke yake. Upepo wa bahari huja na chumvi, na chumvi hunyonya unyevu. Vumbi lenye chumvi likiganda juu ya saketi hushika maji, hula chuma na linaweza kupitisha umeme pasipotakiwa. Kwa walio karibu na ufuo, Watamu au Ngomeni, naona kusafisha kila baada ya miezi 3 si kupita kiasi.

Kazi yenyewe si ngumu. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Peleka kasha nje, fungua ubavu, pangusa kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu na umalizie kwa blowa. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, maana ikizungushwa kwa kasi huweza kuharibika. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji. Kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani usikifungue kamwe, kwani huhifadhi umeme wa kudhuru hata kikiwa kimechomolewa. Mashine ikiwa safi na bado inachemka, mwambie fundi abadilishe ile dawa ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa. Hukauka baada ya miaka kadhaa, na kiasi cha punje ya kunde chatosha.

Mahali pa kuiweka nako kuna neno. Wazee waliojenga nyumba za mawe walijua kwamba upepo hauingii chumba usikokuwa na pa kutokea. Kasha nalo huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma, basi liache umbali wa shubiri moja kutoka ukutani, lisikae sakafuni wala kwenye kabati lililofungwa. Leso na vile vitambaa vya kushona tunavyopenda kufunikia ni vizuri mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Ikiwa imewashwa, ni blanketi.

Wenye kiyoyozi wasijisahau. Stima ikipotea, kiyoyozi huzima lakini kompyuta zilizo kwenye UPS au jenereta huendelea kutoa joto katika chumba kilichofungwa madirisha. Fungua madirisha, hifadhi kazi, zima mashine zisizohitajika. Na mashine iliyokaa kwenye baridi usiitoe nje ukaiwasha papo hapo: hewa yetu yenye unyevu huacha matone juu yake, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ipe saa moja au mbili.

Ikianza kujizima yenyewe mchana, usirudie kosa letu la kuiwasha mara nne. Iache ipoe, kisha kitu cha kwanza ukiiwasha, kabla ya brashi na kabla ya fundi, ni kunakili faili zako kwenye diski ya nje.