Sifa ya Harun na Kazi ya Barmaki

Amma baad. Ewe msomaji, uliza barazani ni nani aliyekuwa sultani mwadilifu, utajibiwa: Harun ar-Rashid, aliyekuwa akijigeuza nguo usiku na kuzunguka Baghdad pamoja na waziri wake Jaafar. Mwenye kujibu hivyo amesikia Alfu Lela u Lela. Vitabu vya tarikhi hajavifungua.

Harun alitawazwa mwaka 170 wa Hijra (786), naye ni kijana, akamkabidhi mambo yote Yahya bin Khalid al-Barmaki. Muda wa miaka 17 Yahya na wanawe, Fadhl na Jaafar, ndio waliokusanya kharaji, ndio waliosimamisha maliwali, ndio waliowapokea washairi. Nao washairi, kama ijulikanavyo, huusifu mlango ulio wazi. Hapo pana hatari, kwani mfalme ni mwepesi wa kumsamehe waziri aliyekosa, si waziri asifiwaye.

Mwishoni mwa mwaka 802 Harun alikwenda kuhiji, akawaapisha wanawe mbele ya Kaaba: Amin atatawala kwanza, na Khurasan itakuwa ya Maamun, kisha Maamun atamrithi nduguye. Nyaraka zikatundikwa ndani ya Kaaba. Karatasi ni karatasi. Lakini mlezi wa Amin alikuwa Fadhl, na wa Maamun alikuwa Jaafar, ndugu wa baba mmoja. Hicho ndicho kilichokuwa kifungo cha ahadi ile.

Harun akakikata kwa mkono wake. Mwanzo wa mwaka 803, hata hajafika kwake kutoka Hija, alimkata kichwa Jaafar, akamtia gerezani Yahya pamoja na Fadhl, wakafia humo. Sababu yake imegombaniwa hata leo. Wasimuliaji wametunga kisa cha mapenzi, maana habari ya kharaji hainogi kwenye kahawa.

Harun alipofariki mwaka 809, nyuma ya Amin alisimama Fadhl bin Rabii, na nyuma ya Maamun Fadhl bin Sahl: majina ya fadhila, na kati yao hapana hata chembe ya fadhila. Nyaraka zikaagizwa kutoka Makka zikachanwa. Baghdad ikazingirwa zaidi ya mwaka mmoja, mitaa ikabomoka, na mwaka 813 Amin akauawa, kichwa chake kikapelekwa Khurasan kwa nduguye.