Saa za Safari na Saa za Ukutani

Sisi wa Mwello tumezoea kuvuka mpaka. Ukitoka Tororo ukafika Busia na kuingia Kenya, fedha hubadilika, lakini saa ni ile ile. Labda ndiyo sababu wengi wetu hukosea hesabu hii:

Mwezi wa Januari eropleni yaondoka Entebbe saa 4 asubuhi, nayo yafika London saa 9 alasiri, bila kutua njiani. Je, imeruka kwa saa ngapi?

Mwanafunzi mwepesi hujibu, "Saa tano!" Na tupime jibu lake.

Kwanza, umbali. Twaa tufe la dunia na uzi. Nyosha uzi toka Entebbe hadi London, kisha uulaze juu ya mstari wa ikweta. Utafunika digrii kama 58. Kila digrii ya ikweta ni kilomita 111 hivi. Basi 58 mara 111 ni 6,438. Tuseme kilomita 6,400.

Pili, mwendo. Gawanya 6,400 kwa 5, upate kilomita 1,280 kwa saa. Huo wapita mwendo wa sauti! Concorde iliweza, lakini iliacha kuchukua abiria mwaka 2003. Eropleni za siku hizi, tukihesabu kupanda na kushuka, huenda kama kilomita 800 kwa saa. Basi safari ni saa 8.

Saa tatu zimepotelea wapi? Hazikupotea. Jua hutufikia sisi kwanza, na mwezi wa Januari saa ya London iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Wakati wa kiangazi chao huwa mbili.

Sasa turudi. Eropleni yatoka London saa 4 asubuhi, yatua Entebbe saa 3 usiku. Ukutani ni saa 11. Jumlisha 11 na 5, ugawe kwa mbili: 8. Hivyo ndivyo kukagua jibu, ijapokuwa upepo huweza kuongeza au kupunguza kidogo.

Tena kumbukeni vituo. Tarehe 2 Mei 1952, Comet ya BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg, ikatua Rome, Beirut na Khartoum kabla ya Entebbe. Muda wa kutua nao ni wa safari.

Msidhani haya ni ya mtihani tu. Mjomba atokaye Tororo kumpokea mwanawe ana kilomita kama 250 za barabara hadi Entebbe. Akijumlisha saa 4 na saa 8 tu, atafika saa 12 jioni, angoje saa tatu nzima. Na akimwambia mtoto aliye London apige simu saa 2 usiku, bila kusema ni saa ya wapi, huenda akaamshwa usingizini.

Zoezi: Libreville, mji mkuu wa Gabon, uko karibu na ikweta, digrii 9½ Mashariki, Entebbe ni 32½. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa mbili. Tukiondoka saa 2 asubuhi kwa mwendo ule ule, tutafika saa ngapi yao? Hapa hata uzi hauhitajiwi.