Kabla ya Kutia Sahihi: Meneja, Mkataba Wake na Malipo ya Kuondoka

Wengi wanaopanda hadi ofisi za juu huhesabu mshahara kwa makini lakini hawaihesabu siku ya kuondoka. Ofa ya umeneja mkuu au ukurugenzi mtendaji inapofika, mazungumzo huwa ya furaha: gari, posho ya nyumba, bima ya familia, karo ya watoto. Anayeuliza atalipwa nini siku akitolewa huonekana kama mchumba anayezungumzia talaka siku ya posa. Hata hivyo swali hilo lazima liulizwe, tena mapema.

Sababu yake ni hesabu. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humlinda mkurugenzi kwa kipimo kilekile kinachomlinda bawabu. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya angalau siku 28. Nafasi yake ikifutwa ili kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri amlipe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Chukua meneja wa shilingi 600,000 kwa mwezi aliyetumikia miaka 6. Hizo ni siku 90, takriban shilingi milioni 1.8 kabla ya kodi. Kwa mtu wa ngazi hiyo, ambaye kazi nyingine ya kufanana na ile aliyoiacha inaweza kuchukua mwaka kupatikana, fedha hizo huisha upesi.

Tena hayo ni malipo ya anayepunguzwa tu. Meneja aliyetolewa kwa sababu bodi ya wakurugenzi haina imani naye tena hapati siku hizo 15 kwa kifungu hicho. Akishtaki na kushinda, kifungu cha 49 kinaweka kikomo cha fidia kuwa mishahara ya miezi 12, na jaji halazimiki kufika hapo. Hutazama muda wa utumishi, uwezekano wa kupata kazi nyingine, juhudi alizofanya mlalamikaji kujipunguzia hasara, na mengine kadhaa. Chochote anachotaka meneja juu ya kiwango hicho cha sheria lazima kiwe ndani ya mkataba, na nafasi nzuri ya kukiingiza ni zile siku chache baada ya ofa na kabla ya sahihi. Wakati huo kampuni imeshawaacha waombaji wengine na inamtaka yeye. Akisharipoti kazini, nguvu hiyo imekwisha.

Hapo ndipo wakili anapohitajika. Wakili wa kampuni ni wa kampuni, hata akiwa mcheshi na akikueleza vifungu kwa upole. Tafuta wako, anayeshughulika na kesi za ajira hasa, na hakikisha kupitia Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huo. Mpelekee rasimu ya mkataba, barua ya ofa, kitabu cha kanuni za wafanyakazi, na nyaraka zozote za bonasi au hisa. Mkataba mara nyingi huzitaja kanuni hizo kama sehemu yake, na anayesoma kurasa za mkataba peke yake hajausoma wote. Si lazima wakili aende mezani badala yako. Wapo mameneja wanaozungumza wenyewe huku wakili akiandika maneno nyuma ya pazia, na kwa mazungumzo ya kuingia kazini mimi naona njia hiyo ndiyo bora, kwani haiwatii hofu waajiri wapya.

Kifungu kinachostahili saa nyingi kuliko vyote ni kile kinachoeleza sababu za kufukuzwa bila malipo. Sheria yenyewe, katika kifungu cha 44, inataja makosa mazito: utoro, ulevi kazini, uzembe, matusi, kukaidi amri halali na mengine. Mikataba ya wakubwa huongeza maneno mapana kama “kushusha hadhi ya kampuni” au “kutofikia matarajio ya bodi”. Maneno hayo yakibaki, malipo makubwa yaliyoahidiwa ukurasa wa nane yanaweza kufutwa na sentensi moja ya ukurasa wa kumi na moja. Wakili mzuri atadai sababu zitajwe moja moja, kosa liwe zito na la makusudi, na meneja apewe onyo la maandishi na muda wa kurekebisha panaporekebishika. Atadai pia kwamba meneja akishushwa cheo, akipunguziwa mshahara au akihamishwa mji bila ridhaa yake, awe na haki ya kuondoka na kulipwa kama aliyetolewa.

Notisi nayo ni fedha, kwa kuwa mwajiri anaweza kulipa mshahara wa kipindi hicho na kukuaga leo leo. Kwa hiyo kuomba miezi 3 au 6 ni kuomba mishahara 3 au 6. Andikeni wazi kama itakuwa mshahara wa msingi au pamoja na marupurupu yote. Kipindi cha majaribio kinapunguza kinga hiyo: sheria inakiruhusu hadi miezi 6, na ndani yake notisi hushuka hadi siku 7. Mtu anayeacha kazi ya miaka mingi kwenda kwingine ana haki ya kuomba kipindi hicho kiondolewe. Na kama mkataba ni wa miaka 3, usitegemee sana tumaini la kuongezewa. Mara nyingi mahakama za Kenya zimeamua kwamba mkataba wa muda maalumu hufa siku yake ikifika. Omba kampuni ilazimike kukujulisha miezi kadhaa kabla.

Kuhusu kuzuiwa kufanya kazi kwa washindani, Kenya ina sheria mahususi, Sura ya 24, inayoipa mahakama uwezo wa kubatilisha masharti yasiyo na kiasi. Usitie sahihi kwa matumaini hayo. Punguza muda, eneo na orodha ya washindani mapema, na uombe ulipwe kwa miezi utakayozuiwa.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Mwenyekiti amekuita, afisa wa rasilimali watu amekaa pembeni, na mezani kuna karatasi mbili: barua ya kujiuzulu na makubaliano ya kuachana. Unaambiwa uchague kabla ya jioni. Usitie sahihi. Omba nakala, omba siku kadhaa, ondoka kwa heshima. Aliyejiuzulu kwa hiari hujifungia milango mingi. Aliyelazimishwa kujiuzulu anaweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa, na Mahakama ya Rufaa ilifafanua jambo hilo mwaka 2015 katika kesi iliyoihusu Coca-Cola, lakini yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha. Fahamu pia kwamba katika kikao cha kujitetea kinachotakiwa na kifungu cha 41, sheria inamtaja mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kuwa wa kukaa nawe. Wakili haitajwi, kwa hiyo ushauri wake uupate kabla ya kuingia.

Karibu kila makubaliano ya kuachana yana kifungu cha kusamehe madai yote. Mahakama ya Rufaa imekizungumzia pande mbili. Mwaka 2013, katika kesi ya Thomas De La Rue, ilisema hati ya namna hiyo peke yake haimwondolei mwajiri wajibu wake wa kisheria. Hutazamwa kama mfanyakazi aliitia sahihi kwa hiari na akiwa na taarifa zote. Mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers, mfanyakazi aliyekubali malipo na kutia sahihi alifungwa na makubaliano yake. Meneja msomi mwenye wakili atapata taabu sana kumshawishi jaji kwamba hakuelewa alichosaini. Basi bei ya msamaha huo ijadiliwe kabla haujatolewa, kwa barua zilizoandikwa kuwa ni mazungumzo yasiyoathiri haki za upande wowote, ili zisije zikatumika kama ushahidi yakivunjika.

Katika majadiliano hayo watu hukazia idadi ya mishahara na kupitwa na mengine yenye thamani kubwa. Mkopo wa nyumba wa riba ya wafanyakazi unaweza kupandishwa hadi riba ya soko mara ajira inapokwisha. Kuomba riba ya zamani iendelee mwaka mmoja huenda kukaokoa zaidi ya mshahara wa mwezi. Bima ya matibabu iendelee hadi mwisho wa mwaka wake, hasa kama kuna mgonjwa nyumbani. Bonasi ya mwaka uliofanyiwa kazi miezi 9 ilipwe kwa miezi hiyo. Cheti cha utumishi ni haki yako kisheria, ila barua ya kukupendekeza si haki, kwa hiyo maneno yake yaambatishwe kwenye makubaliano, pamoja na tangazo litakalosomwa kwa wafanyakazi na wanahabari. Kama ulikuwa pia mjumbe wa bodi, kujiuzulu ujumbe kuandikwe kando na kuacha ajira, na kinga dhidi ya madai ya maamuzi uliyoyafanya ukiwa ofisini ibaki.

Kodi inataka mtaalamu wake. Sheria ya Kodi ya Mapato ina utaratibu wa kuigawa fidia ya kuvunjwa mkataba katika vipindi badala ya kuihesabu yote mwezi mmoja, na mgawanyo hutegemea mkataba ulivyoandikwa. Muulize mhasibu kabla ya tarakimu kufungwa.

Kwa meneja anayehamia Dar es Salaam, vipimo hubadilika. Kiinua mgongo cha kisheria Tanzania ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Muda nao ni mfupi mno. Kenya humpa mlalamikaji miaka 3 kufika mahakamani, ilhali Tanzania mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Anayeendelea kujadiliana kwa simu na mwajiri wake wa zamani wiki baada ya wiki aandike tarehe hiyo mahali anapoiona, na siku ya 20 ikifika bila makubaliano yenye sahihi, wakili ajaze fomu ya Tume huku mazungumzo yakiendelea.