SOMO LA KUNGOJA KWA LAZIMA: LINI NI HAKI, NA LINI NI DHULUMA

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake.

Swali: Mjane wa Hasamba, katika Mbozi, mkoa wa Songwe, amefiwa na mumewe hali kahawa imewiva shambani. Sharia yamwambia akae eda. Katiba ya nchi yamtambulia uhuru wa nafsi yake. Je, kungojeshwa huku ni mpaka wa haki, au ni kunyang'anywa haki?

Jawabu: Fahamu, ewe msomaji, ya kwamba kungoja peke yake si dhuluma. Hata Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 30, yakubali haki ya mtu iwekewe mpaka kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya watu wote. Lakini mpaka huo hufaa kwa mambo matatu: uwe na sababu ya kweli, uwe na mwisho unaojulikana, na mwenye kungoja ahifadhiwe mpaka muda uishe.

Ama sababu: eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba hungoja mpaka ajifungue. Huenda mtu akasema, "Leo daktari huijua mimba upesi, basi eda ni ya nini?" Huyo hujibiwa kwamba mke aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hana eda, na aliyefiwa kabla ya kuingiliwa anayo. Basi mimba si sababu pekee. Mna pia heshima ya ndoa, na msiba, na ibada.

Ama mwisho: siku za eda zahesabika, wala hazimo mkononi mwa mtu. Shemeji hawezi kuongeza hata moja, wala hana amri ya kumrithi mjane kama arithivyo mbuzi. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, imemwacha mjane huru kukaa apendapo na kuolewa na amtakaye, hata desturi ikikataa; ila wa ndoa ya Kiislamu haolewi mpaka eda iishe.

Ama hifadhi: katika madhehebu ya Shafi'i mjane hana nafaka ya eda, lakini ana haki ya makazi, na fungu lake la mirathi halipungui. Mchana hutoka kwa haja yake asipokuwa na wa kumtimizia. Basi akichuma kahawa isimharibikie, kisha usiku akalala nyumbani, hakuvunja eda. Na amfungiaye ndani ili amle shamba, huyo ameifanya eda kuwa pazia la wizi.

Sasa pima kwa mizani hiyo kungoja kwa Serikali. Kwa sheria ya mwaka 1974, mtu hakuweza kuishitaki Serikali ila kwa idhini ya Waziri. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenziwe, iliamua kwamba sharti hilo lapingana na Katiba. Na mwenye akili huona kwa nini: ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwa upande ule ule unaoshitakiwa. Mwaka 1994 Bunge likaweka badala yake notisi ya siku 90.

Notisi hii ina sababu, nayo ni Serikali ipate kuchunguza na kusuluhisha. Tena ina mwisho. Lakini hifadhi i wapi? Nyumba ibomolewayo siku ya tatu haingoji siku ya tisini. Ndiyo maana Mahakama Kuu imepata kutoa amri za kuzuia jambo kwa muda, siku hizo zingali zikihesabiwa. Pasipo zuio la namna hiyo, mwenye haki atafika mwisho wa kungoja, na alichokingojea hakipo.

Basi mjane wa Hasamba na akae eda yake, achume kahawa yake, na jamaa wamlinde. Na ye yote amngojeshaye mwenziwe, awe shemeji au mtawala, na ajiulize: muda huu ukiisha, haki yake ataikuta ingali pale?

Wallahu aalam.